Daftari la Samaki Libaki Kijijini

Asubuhi moja ya msimu wa kaskazi nilikaa kwenye diko la kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya mji wa Tanga, pembeni mwa kijana aliyepewa na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kazi ya kuandika samaki wanaoshushwa. Mapajani alikuwa na kaunta buku la jalada gumu, amelipiga mistari kwa rula na kuligawa safu tano: chombo, zana, idadi ya wavuvi, aina ya samaki, kilo. Ngalawa ya kwanza ilileta nguru wawili na kolekole mmoja, akawaandika bila taabu. Ya pili ilishusha ndoo ya samaki wadogo, tasi na pono na changu na mkundaji wamelaliana, na kabla hajashika kalamu wachuuzi walikuwa wamekwisha kuwatenga mafungu juu ya turubai na bei zimeanza kutajwa. Kijana akaitazama ndoo tupu, akaandika neno moja katika safu ya aina, "mchanganyiko", na katika safu ya kilo akakadiria 6.

Niliomba kulipekua daftari lile. Neno "mchanganyiko" lilikuwa limetanda kurasa nzima, na tarakimu za kilo zilizoandikwa mbele yake zilikuwa 5, 6, 8, 10, kama inavyokuwa pale mtu anapopima kwa macho kitu ambacho sokoni hakipimwi kwa mizani. Nilipomuuliza kama amewahi kuona matokeo ya hesabu zake, alinijibu bila kinyongo: "Kaka, mimi naandika tu. Kurasa zikijaa huja mtu akazipiga picha, akaenda zake."

Mazungumzo ya siku hizi kuhusu sayansi ya wananchi, yaani utaratibu wa watu wasio wanasayansi kushiriki kukusanya taarifa za wanyama, ndege, samaki na mimea ya mahali wanapoishi, kwa kawaida huanza na simu ya mkononi na programu zake. Mimi naona afadhali tuanze na daftari hili, kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili yanayoamua kama kazi ya namna hii ina thamani au ni kumpotezea mtu asubuhi yake. La kwanza ni kama fomu inaifuata dunia ya anayeiandika au inamlazimisha aandike dunia ya mwingine. La pili ni hesabu inakwenda wapi baada ya kuandikwa. Usahihi wa macho ya mwanakijiji, ambao ndio hoja inayowashughulisha zaidi wataalamu, naona ni tatizo dogo kati ya hayo yote.

Pwani hii ina sababu ya pekee ya kuzungumzia jambo hili, kwa kuwa samaki maarufu kuliko wote waliowahi kunasa katika nyavu za Tanga aliingia katika vitabu vya sayansi kwa njia hiyohiyo. Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London nchini Afrika Kusini, aliona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki mkubwa wa buluu mwenye mapezi yenye nyama kama viungo. Hakumtambua, akamchora na kumpelekea mchoro J.L.B. Smith, ambaye kazi yake ya mshahara wakati huo ilikuwa kufundisha kemia. Huyo ndiye silikanti, ambaye wataalamu walikuwa wakiamini kwamba ukoo wake ulikoma pamoja na dinosaria, miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Ili ampate wa pili, Smith alisambaza vipeperushi katika pwani za Afrika Mashariki na visiwa vyake, vikiwa na picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, vimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ilichukua miaka 14. Silikanti wa pili alipatikana Desemba 1952 katika visiwa vya Komoro, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba wavuvi wa huko walikuwa wakimvua mara kwa mara tangu zamani na walikuwa na jina lake, gombessa.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sayansi, nacho ni ushindi kweli. Lakini mtu wa pwani akikisoma hawezi kuacha kuona kwamba kipeperushi kilizungumza lugha tatu na hata moja kati yake haikuwa ya mwenye ndoano. Pia kuna ile zawadi. Pauni 100 wakati ule zilikuwa mali nyingi kwa mvuvi, na zawadi ya namna hiyo humwambia mtu amtafute samaki adimu na kumleta akiwa amekufa. Mradi wowote wa leo unaomlipa mwananchi kwa kila kiumbe adimu anacholeta au anachokipiga picha unapaswa kulikumbuka hilo, maana tofauti kati ya kuhesabu na kuwinda huweza kuwa nyembamba kuliko mwenye mradi anavyodhani.

Kwetu, silikanti alithibitishwa mwaka 2003 upande wa Kilwa, na kuanzia mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa, hasa katika jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kwenye maji ya kina. Kwa mvuvi hakuwa samaki wa maana, kwani nyama yake ina mafuta na haina mnunuzi. Angeweza kumtupa asiseme kitu. Kwamba taarifa zilifika kwa wataalamu, na kwamba mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga yenye eneo la kilomita za mraba 552, kuanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani hadi kupita kidogo mji wa Tanga, sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka mikononi mwa watu waliovuta nyavu. Hapo hapo ndipo ulipo ugumu ambao wapenzi wa sayansi ya wananchi hawapendi kuusema: hifadhi ilipokuja, ilikuja na masharti juu ya maeneo na zana za watu walewale. Mvuvi anayeambiwa leo atoe taarifa ya alichokiona ana kila haki ya kujiuliza kama taarifa hiyo kesho haitakuwa sababu ya kumfungia mahali anapovulia. Kumwambia asihofu hakutoshi. Anahitaji kuwa mezani wakati hesabu inasomwa.

Sasa nije kwenye simu, ambazo sizidharau. Programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kule Kalifornia, humwezesha mtu yeyote kupiga picha ya mmea au mdudu, kuiweka pamoja na tarehe na mahali, kisha watu wengine duniani wakakitambua, na rekodi huhesabiwa kuwa ya kiwango cha utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana. Kwa viumbe vilivyo hatarini mfumo wenyewe huficha mahali halisi, jambo la busara kwa kuwa wezi wa wanyama nao wana simu. eBird, ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, iliyoanza mwaka 2002, inakwenda mbali zaidi kwa upande wa nidhamu: humtaka mwangalizi wa ndege aandike alianza saa ngapi, alikaa muda gani, alitembea umbali gani, na kama orodha yake ina ndege wote aliowatambua au ni wale tu waliomfurahisha. Swali hilo la mwisho ni dogo lakini ndilo linalotenganisha kumbukumbu na hesabu. Mtu akiandika siku aliyomwona hondohondo peke yake, hatutajua kamwe hondohondo walipoanza kupungua, kwa sababu siku za kutomwona hazikuandikwa popote.

Udhaifu wa programu hizi ni kwamba ramani yake ni ramani ya nyayo za wenye nafasi. Rekodi hurundikana Amani, katika hifadhi ya msitu wa Usambara Mashariki iliyotangazwa mwaka 1997, ambako watazama ndege hutoka mbali kuja, na hurundikana karibu na barabara na nyumba za wageni. Mtu aliyeko Ulaya akiitazama ramani hiyo anaweza kudhani kwamba mikoko ya Mkinga haina ndege. Inao, ila anayepita humo alfajiri anafuata kaa na kuni, bando lake la intaneti limekwisha tangu juzi, na programu inamsemesha kwa majina ya Kiingereza na Kilatini.

Hapa kwenye majina nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fomu nyingi zinapovunjika. Mtaalamu akija na orodha ya samaki iliyotafsiriwa, hukuta kwamba "changu" si samaki mmoja. Ni jumla ya jamii nzima yenye spishi nyingi, ambazo wavuvi huzitofautisha kwa doa, kwa macho, kwa umbo la mdomo, wakati mwingine kwa jina jingine kabisa, na jina hilo likivuka Mkondo wa Pemba huweza kumwangukia samaki mwingine. "Chewa" naye ni hivyohivyo. Kutokana na hayo baadhi ya wataalamu huamua kwamba majina ya wenyeji hayafai kwa sayansi. Wangebadili mawazo kama wangefika upande wa mikoko, ambako mambo yamegeuka. Anayeandika "mikoko" tu katika ripoti yake ametaja jumla, ilhali fundi wa vyombo atakutajia mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi, kila mmoja na mahali pake kwenye tope na kazi yake: mkandaa unanyooka kwa fito na boriti, mlilana unasimama mbele kabisa unakopiga maji na hutoa mataruma, yaani mbavu, ya jahazi. Kila jina hapo lina spishi yake. Mwanamke anayekwenda kuokota kaa anaweza kukuambia ni mstari gani wa miti umeanza kufa, na kwamba kilichokufa ni mchu wala si mlilana. Na taarifa hiyo ni nzuri kuliko picha nyingi za setilaiti, ambazo huona kijani na kukosa kijani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mradi ingekuwa kukaa na wazee, wavuvi, wachuuzi na mafundi wa kijiji husika wiki nzima, samaki mkononi na tawi mkononi, na kutengeneza orodha ya majina ya hapo, kila jina na picha yake, pale jina linapobeba spishi kumi ziandikwe kumi. Kazi hiyo haina mvuto kwa wafadhili kwa sababu haitoi takwimu hata moja. Bila hiyo, utapata "mchanganyiko".

Kipimo nacho kina hadithi kama hiyo. Samaki wadogo huuzwa kwa fungu, pweza huuzwa mmojammoja. Fomu inayodai kilo inamlazimisha mwandishi abuni. Afadhali aandike mafungu 14 na bei yake, na mara moja kwa wiki apime mafungu matano kwenye mizani ili ijulikane fungu la mwezi ule lina uzito gani. Na kalenda iwe ya maji. Pweza huokotwa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa sana na mwamba kujitokeza, katika pwani yetu kwa kawaida majira ya saa nne asubuhi. Siku za maji mafu wanawake hawaendi. Mradi uliopanga kuhesabu pweza kila Jumatatu utaona pweza wakiongezeka na kupungua kila baada ya wiki, na mtaalamu aliyeko mbali ataandika makala kuhusu mabadiliko hayo ya ajabu. Nasema hivi kwa mzaha, lakini nimewahi kuiona ratiba ya namna hiyo.

Je, hesabu za wanavijiji huaminika? Swali hili limejibiwa kwa vipimo, na sehemu ya vipimo hivyo ilifanyika nchini mwetu. Finn Danielsen wa Denmark na wenzake walilinganisha taarifa za jamii na za wanasayansi waliofundishwa katika Madagaska, Nikaragua, Ufilipino na Tanzania, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 picha mbili za hali ya viumbe na maliasili zilifanana. Kwangu mimi, hata hivyo, uchambuzi wao wa awali, wa mwaka 2010, una uzito zaidi. Walipitia miradi 104 ya ufuatiliaji wa mazingira na kuona kwamba taarifa zinazokusanywa na kuchambuliwa na wanasayansi peke yao huchukua kati ya miaka 3 na 9 kabla hazijazaa uamuzi, tena uamuzi wa ngazi ya taifa au ya mataifa, ilhali zile ambazo wenyeji wanashiriki kuzikusanya na kuzichambua huzaa uamuzi wa ngazi ya kijiji ndani ya mwaka mmoja. Neno la kushika hapo ni kuchambua. Kijana wa diko letu anakusanya. Uchambuzi unafanyika kwingine, kama unafanyika, na kwa hiyo amewekwa katika foleni ya miaka tisa bila kuambiwa.

Tanga iliwahi kuwa na utaratibu tofauti. Mradi wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani ya mkoa huu, uliofanya kazi kuanzia 1994 hadi 2007 kwa msaada wa Ireland na ushauri wa Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, uliwafundisha wanavijiji kuingia majini na kufuatilia hali ya matumbawe na samaki katika maeneo waliyokubaliana kuyasimamia pamoja na serikali. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe kupauka pwani nzima ya Afrika Mashariki, hapa tayari walikuwepo wavuvi wenye mazoea ya kuutazama mwamba kwa utaratibu. Kufundisha watu waliozaliwa majini kuhesabu kilicho majini hakukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kuendelea baada ya mradi kufungwa, kwa kuwa mafuta ya boti, miwani ya kuzamia na posho vilikuwa katika bajeti ya mradi, wala havikuwa katika bajeti ya kijiji.

Na posho lazima izungumzwe waziwazi. Uingereza, tangu mwaka 1979, watu huombwa kila mwisho wa Januari watumie saa moja kuhesabu ndege wa bustani zao. Anayefanya hivyo anapumzika, chai iko mezani. Bi mkubwa wa pwani anayesimama mwambani na mkonjo wake akiambiwa aache kuvua ahesabu, ndani ya dirisha la saa mbili kabla maji hayajajaa, anapoteza mboga ya jioni. Kumwita mtu huyo "mtu wa kujitolea" ni kumkopa bila kumwambia. Ama alipwe, ama hesabu iwe sehemu ya kazi anayoifanya tayari, kwa mfano pweza wahesabiwe wakiwa tengani, mwamba ukiwa umekwisha kufunikwa na maji.

Mahali ninapoona jambo hili limekaa sawa ni Ushongo, wilayani Pangani. Mkabala wake kiko Kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na mivinje na sifa ya kutagiwa na kasa wengi. Miti ikaisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makubwa hulifunika na kuozesha mayai. Walinzi wa kasa huyahamishia mayai ufukweni Ushongo. Mlinzi wa kasa husoma mchanga alfajiri: nyayo zilizokwenda sambamba, mapezi mawili kwa pamoja, ni za kasa uziwa, na zile zinazopishana, kushoto na kulia, ni za ng'amba. Huandika tarehe, mahali na idadi ya mayai. Tarehe hiyo si kwa ajili ya mtu wa mbali. Yeye mwenyewe anaihitaji, kwa sababu baada ya takriban miezi miwili ni lazima awepo vitoto vinapotoka, na wageni wanaolipa kuja kuvitazama nao wanataka kuambiwa siku. Daftari likipotea, anayeumia wa kwanza ni aliyeliandika. Sijaona kinga bora ya usahihi kuliko hiyo.

Uzito wa jambo hili kwa sasa uko kaskazini ya mji, Chongoleani, ambako linaishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Tanga mwezi Agosti 2017. Tathmini za athari kwa mazingira hufanywa na washauri wanaokuja kwa misimu michache na kuondoka. Meli za mafuta zitakuwepo kwa miongo. Siku wavuvi watakaposema samaki wamepungua, upande mwingine utauliza wamepungua kutoka wangapi, na hapo kumbukumbu ya mzee, hata iwe ya kweli kiasi gani, haitasimama mbele ya jedwali. Madaftari yenye tarehe, zana, saa za kuvua na mafungu, yaliyoandikwa mfululizo na vijiji vyenyewe na yenye muhuri wa kijiji, yangesimama. Yanagharimu kalamu, kaunta buku na mtu mmoja anayelipwa kidogo kutoka katika ushuru wa diko. Sioni sababu ya kumngoja mfadhili kwa hayo.

Na mahali pa kuzisomea hesabu tayari papo. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Samaki wanaweza kusomwa baada ya fedha. Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja ambapo jambo hilo lilijaribiwa, chini ya mkungu, msomaji akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Alisoma kwamba katika mwezi uliopita kulikuwa na siku nne mfululizo zilizoandikwa sifuri, akaongeza, kama alivyoelekezwa na waliomwandalia karatasi, kwamba huenda hiyo ni dalili ya samaki kuhama kutokana na joto la maji. Pakawa kimya kidogo. Kisha mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mzizi akanyoosha fimbo yake. "Mwalimu, siku hizo tulimzika nahodha wetu. Hakuna chombo kilichotoka. Samaki walikuwepo." Mwalimu akaomba kalamu, akaandika pembeni mwa zile sifuri nne: msiba.